Saa ya Kafyu na Saa ya Mwili

Mapema Mei 2020, mama mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, aliingia kliniki yetu, barakoa imeshuka kidevuni, akaiweka kadi yake ya uzazi wa mpango mezani kifudifudi kama mtoto anayeficha ripoti ya shule. "Daktari, usinigombeze," akasema. (Mimi ni muuguzi mkunga, lakini Eastlands ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, na nilishaacha kubishana.) Tarehe yake ya kurudi kudungwa sindano ya miezi mitatu ilikuwa imepita kwa wiki tatu na siku mbili.

Hakuwa na kosa la kugombezewa. Wiki iliyotangulia alikuwa amejaribu kituo kingine, akaambiwa langoni kwamba amechelewa, arudi akiona damu ya mwezi. Ushauri huo uliniuma kuliko kuchelewa kwenyewe. Wengi wanaotumia depo, ndiyo hiyo sindano ya miezi mitatu, hawaoni hedhi kabisa, na hiyo ni kawaida ya dawa yenyewe. Ukimwambia mwanamke wa depo asubiri damu, unamwambia asubiri kitu kinachoweza kukawia miezi, na huku nyuma mimba haisubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: depo inaweza kurudiwa hadi wiki 4 baada ya tarehe ya kadi, bila kinga ya ziada. Wiki hizo zikipita, bado mtu hafukuzwi. Tunamuuliza maswali machache, tunapima mimba ikibidi, na tukiridhika kwamba hana mimba tunamdunga, kisha anatumia kondomu kwa siku 7.

Nilimdunga siku hiyo hiyo. Akaniuliza, "Kwa hivyo wiki hizi zote nimekosa usingizi bure?" Bure kabisa, mama.

Watu wakiniuliza corona iliifanyia nini afya ya uzazi hapa Nairobi, hutarajia nizungumzie virusi. Mimi huanza na saa. Kazi yetu karibu yote ina saa yake: miezi mitatu ya sindano, saa 72 za dawa ya dharura, wiki 40 za mimba, zile saa chache ambazo mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kuokolewa au kupotea. Halafu tarehe 27 Machi 2020 ikaja saa nyingine, ya serikali. Kafyu, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Siku kumi baadaye, Aprili 6, barabara za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa.

Uchungu wa uzazi nao hupenda usiku. Mkunga yeyote aliyewahi kukesha wodini atakuambia, watoto wengi ambao uchungu wao haukuanzishwa kwa dawa hubisha hodi kuelekea alfajiri. Sasa fikiria chupa ya uzazi imepasuka saa 4 usiku katika ploti ya Mukuru. Matatu hakuna, mwenye bodaboda amelala kwa kuogopa rungu la polisi, na jirani mwenye gari hataki makuu. Wanawake wengi walifanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya: tusubiri kupambazuke. Sisi wa kazi hii husema mama huuawa na machelewa matatu, kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kafyu ilizaa yale mawili ya kwanza kwa pamoja, kwa sababu anayejua hatafika haamui kwenda.

Kule kuchelewa kuamua kulikuwa na sumu nyingine, woga wa hospitali. Miezi ile ya mwanzo, waliowekwa karantini ya lazima walikuwa wakilipishwa malazi. Mtaani ikageuka kuwa ukienda kliniki na kikohozi, utarudi na deni. Mimba zenye presha zikakaa nyumbani na presha yake.

Aliyeliona tatizo la usiku mapema ni Dkt. Jemimah Kariuki, daktari wa akina mama katika Hospitali ya Kenyatta. Aligundua wodi zimepungua watu usiku ilhali mimba hazikupungua mjini. Aprili hiyo hiyo ukaanza mpango wa Wheels for Life: mjamzito alipiga 1195 bila malipo, akazungumza na mhudumu wa afya, na ilipoonekana lazima aende, alitumiwa teksi au ambulensi. Napenda sana ile hatua ya katikati. Mtu anayejua kazi alikusikiliza kwanza. Wengine walihitaji tu kuambiwa kwamba hayo maumivu si uchungu wenyewe, walale.

Hatukuwa watu wa kwanza kujifunza haya. Ebola ilipoingia Sierra Leone mwaka 2014, akina mama waliacha kwenda kujifungulia vituoni, na watafiti wakakadiria baadaye kwamba vifo vya ziada vya wazazi na watoto wachanga, pamoja na watoto waliozaliwa wafu, vilikuwa maelfu. Kwa hiyo Machi 2020 somo lilikuwepo mezani. Amri ya kafyu iliandikwa kama vile halipo.

Saa inayonisumbua zaidi ni ile ya 72. Mwezi Aprili Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alisema hadharani kwamba kesi za makosa ya ngono zimeongezeka, na kwamba baadhi ya washukiwa ni jamaa au watu wanaoishi na waathiriwa. Sisi tulikuwa tukiwaona waathiriwa hao, ila tuliwaona wamechelewa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Kidonge cha dharura, hiki ambacho Nairobi nzima inakiita P2, hufanya kazi vizuri zaidi kikimezwa mapema; baada ya siku tatu nguvu yake hushuka. Mtu akiumizwa Ijumaa usiku, akangoja aliyemuumiza atoke kwenda kazini, na aliyemuumiza hana kazi kwa sababu mji umefungwa, Jumatatu usiku saa zake zimekwisha bila mtu kujua zilikuwa zikihesabiwa.

Ndiyo maana hili nalirudia mpaka wenzangu wananicheka: njoo hospitali kwanza, polisi baadaye. Huhitaji karatasi ya kituo cha polisi ndipo utibiwe. Usioge kama unaweza kuvumilia, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu ndani na kuharibu ushahidi.

Kuhusu bidhaa nitasema machache. Machi ile, kampuni ya Karex ya Malaysia, inayotengeneza takriban kondomu moja kati ya kila tano duniani, ilifungiwa viwanda kwa muda. India nayo ikazuia kwa wiki kadhaa kuuza nje baadhi ya dawa, projesteroni ikiwemo, homoni inayohusika na uzazi. Na shule zilipofungwa, sodo za bure ambazo sheria ya 2017 inawapa wasichana shuleni zilibaki huko huko shuleni. Sijui tulifikiri hedhi nayo iko likizo.

Kitu kimoja kilibadilika na hakijarudi nyuma. Kuna depo ndogo, ya chini ya ngozi, ambayo mwanamke anaweza kujidunga mwenyewe tumboni au pajani. Shirika la Afya Duniani lilishaipendekeza njia hiyo mwaka 2019. Kabla ya corona wengi wetu tuliikunjia uso, sindano ni yetu bwana. Siku hizi nafundisha kwa dakika kama ishirini, mama anajaribu mbele yangu, anaondoka na dozi za kutosha hadi mwaka uishe. Yule wa Kayole anajidunga jikoni kwake.

Kwa wanaoendelea kuja kwangu, kwenye kadi naandika tarehe mbili, ya kurudi kwa kalamu ya buluu na ya mwisho kabisa, wiki 4 baadaye, kwa nyekundu. Mwanafunzi wangu wa uuguzi aliniuliza juzi kama huko si kuwazoesha akina mama kuchelewa. Nikamwambia akasome mwongozo, halafu ajaribu kufika hapa kutoka Njiru siku mvua imenyesha.