Zulia la Wanavajo: Tazama Ukingo Kabla ya Nakshi

Wengi wakionyeshwa zulia la Wanavajo, watu wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, hulitambua kwa nakshi zake: maumbo ya almasi yenye kingo za ngazi, misalaba, wekundu mkali kando ya weusi na weupe. Kwa sisi tunaotunza nguo za kale katika makumbusho, nakshi ni shahidi dhaifu, kwa kuwa huigwa kirahisi. Ukitaka kujua zulia limetoka kwenye mkono wa nani, ligeuze, kisha pitisha vidole kwenye ukingo wake.

Chukua kikoi chochote. Matamvua ya miisho yake ni nyuzi za mtande, yaani zile za urefu zinazotangulia kutandazwa, zilizobaki baada ya nguo kukatwa kutoka kwenye kitanda cha mfumi. Mfumaji wa Kinavajo hakati. Huuzungusha uzi mmoja mrefu wa sufu kati ya vijiti viwili, kwenda na kurudi kwa umbo la namba nane, mpaka upatikane upana anaoutaka. Kisha huusimamisha mtande huo mzima wima kwenye fremu ya miti. Kwa hiyo ukubwa wa zulia huamuliwa kabla mshindio wa kwanza, yaani uzi wa kukingama, haujapita, na baada ya hapo hapana kuongeza wala kupunguza. Kila rangi hupitishwa kwa vidole na kugongwa kwa chanuo la mbao hadi mtande ufichike kabisa. Kazi huanzia chini kwenda juu, na kadiri juu kunavyokaribia, nafasi ya kupitisha mkono huzidi kubana. Sentimita chache za mwisho hushonwa kwa sindano, polepole mno. Mimi huanza kumpima mfumaji hapo hapo: je, ufumaji umebaki umekaza, au umelegea? Tena wafumaji wengi hufanya haya bila mchoro wowote, nakshi yote wakiwa nayo kichwani.

Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, husimulia kwamba ufumaji walifundishwa na Mwanamke Buibui, na kwamba kitanda cha kwanza kilitengenezwa kwa kamba za mbingu na ardhi, miale ya jua na radi. Mnara wa mwamba unaobeba jina lake umesimama hadi leo katika bonde la Canyon de Chelly, Arizona. Wanahistoria nao huona mkono wa majirani zao Wapueblo, waliokuwa wakifuma pamba kwenye vitanda vya wima kabla ya Wahispania kuleta kondoo wa aina ya churro mwishoni mwa karne ya 16. Kwa Wapueblo wafumaji walikuwa hasa wanaume; kwa Wanavajo kazi hiyo ikawa zaidi ya wanawake, na kondoo wakawa mali ya nyumba.

Jambo linalowashangaza wageni wetu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo hapakuwa na zulia. Palikuwa na nguo: magauni, na mablanketi ya kujitanda mabegani, yaliyofumwa kwa kubana hivi kwamba yalithaminiwa na makabila ya mbali hadi nyanda za kati za Marekani. Wekundu wake mara nyingi ulitokana na vitambaa vya kigeni vilivyofumuliwa uzi kwa uzi, kisha uzi huo ukafumwa upya. Mwaka 2012 blanketi moja la aina hiyo liliuzwa mnadani California kwa dola milioni 1.8.

Kisha yakaja mateso. Mwaka 1863 jeshi la Marekani lilichoma mashamba yao na kuchinja mifugo yao, na kuanzia 1864 maelfu waliswagwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, New Mexico. Wengi walikufa huko. Mkataba wa 1868 uliwarudisha kwao na kuwaahidi kondoo na mbuzi 15,000. Reli ilipofika miaka ya 1880 ilileta mablanketi ya kiwandani na nyuzi za rangi za dukani, na nguo ya kujifumia ikapoteza kazi yake. Wenye maduka kama Lorenzo Hubbell wa Ganado na J. B. Moore wa Crystal ndio waliowahimiza wafumaji kutengeneza mazulia mazito yenye pindo za kuzunguka, ya kutandikwa sakafuni kwa wateja wa mashariki mwa nchi. Hubbell alitundika picha za nakshi ukutani. Moore alichapa katalogi mwaka 1903 na 1911. Wafumaji wa eneo la Two Grey Hills, New Mexico, waliukataa wekundu, wakashikilia rangi za asili za sufu: kahawia, kijivu, nyeupe na nyeusi. Ninawaheshimu sana kwa uamuzi huo.

Nakshi, basi, imebadilika mara nyingi, lakini mtande ule usiokatwa haukubadilika. Waigaji, wanaofuma kwa vitanda vya kukanyaga, hunakili picha ya juu, ila miisho ya nyuzi zao imekatwa na kuchomekwa ndani ya ufumaji. Pindua ukingo utaiona. Tafuta pia mistari myembamba ya mshazari, alama ya mfumaji aliyefuma kipande kimoja kisha akasogea kando. Lakini matamvua pekee hayathibitishi uigaji, kwa kuwa baadhi ya kazi za mwisho wa karne ya 19 zilitiwa matamvua baada ya kufumwa.

Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kazi kwa kudanganya kwamba imetengenezwa na Wamarekani wa asili, na kwa mtu anayekosa mara ya kwanza adhabu inaweza kufika miaka 5 jela na faini ya dola 250,000. Hata hivyo bidhaa za kuiga bado zipo sokoni, na kila moja inamnyima chakula mama aliyefuga kondoo, akakata sufu, akaichana, akaisokota na kuitia rangi kwa maganda ya jozi kabla hata ya kuanza kufuma. Ukinunua, uliza jina la mfumaji na mahali anapotoka, na uombe yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji mkweli huwa nayo.