Kusoma Latitudo na Longitudo kwa Mifano ya Dodoma

Wateja wengi wanaotuletea kazi ya upimaji wa viwanja hapa Dodoma siku hizi huja na namba mbili kwenye simu, wakiamini kwamba hizo pekee zinatosha kumfikisha mtu kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja. Zinatosha, mradi ziwe zimeandikwa kikamilifu.

Namba ya kwanza ni latitudo, yaani pembe inayopimwa kutoka Ikweta kwenda kaskazini au kusini hadi nyuzi 90. Ya pili ni longitudo, inayopimwa kwenda mashariki au magharibi hadi nyuzi 180 kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza, ambao mkutano wa kimataifa uliofanyika Washington mwaka 1884 uliupendekeza kuwa mstari wa sifuri. Katikati ya jiji letu ni takriban nyuzi 6 dakika 10 Kusini na nyuzi 35 dakika 44 Mashariki. (Longitudo hiyo ndiyo sababu adhuhuri ya jua hapa huchelewa takriban dakika 14 baada ya ile ya Dar es Salaam, ingawa saa zetu ni zilezile.)

Simu huandika -6.17, 35.74, na alama ya kutoa husimama badala ya Kusini. Ukiiacha, ramani itakupeleka kusini-magharibi mwa Ethiopia; ukigeuza mpangilio, ukaanza na 35.74 na kumalizia na -6.17, utaangukia baharini, magharibi ya Tangier nchini Moroko. Makosa ya namna hii hayanisumbui sana, kwa kuwa hata mtoto wa shule atayaona.

Linalonisumbua ni kosa la dakika. Nyuzi moja ina dakika 60, si 100, kwa hiyo dakika 10 ni 0.167 ya nyuzi. Anayeandika 6.10 Kusini na 35.44 Mashariki kwa kudhani kwamba amenakili dakika zilezile huwa ameisogeza Dodoma zaidi ya kilomita 7 kaskazini na takriban kilomita 32 magharibi, na kwa kuwa huko upande wa Bahi nako ni nchi kavu yenye mashamba na vijiji, hakuna kitu kwenye ramani kitakachomshtua.

Ramani za zamani zina jambo lake. Nyingi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS kwa kawaida hutumia WGS 84, na mifumo hiyo hukadiria umbo na kitovu cha Dunia kwa namna tofauti. Koodineti (namba za mahali) za ramani hizo zikiingizwa kwenye simu bila kubadilishwa, hapa Dodoma sehemu husogea kwa zaidi ya mita 200, umbali unaovuka viwanja kadhaa vya makazi.

Wapima ardhi nao huandika kwa mita, katika kanda za UTM, mfumo unaoigawa Dunia katika mikanda yenye upana wa nyuzi 6, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 upo kwenye longitudo 36, mashariki kidogo ya jiji. Kila kanda huhesabu mita zake za kuelekea mashariki upya. Ndiyo maana Dodoma mjini husomeka takriban mita 803,000 za mashariki, na Kongwa, iliyo mashariki zaidi, husomeka zaidi kidogo ya 210,000. Kwa hiyo mteja akiniletea namba za mita, humuuliza kwanza ni za kanda ipi, ndipo nifungue ramani.