Mtu mzima akianguka kifafa, apigwe picha ya ubongo

Uvimbe wa saratani kwenye ubongo ni nini?
Ni chembe za ubongo wenyewe, au zilizohamia kutoka kwengine kama titi au pafu, zinazoota ovyo na kuingilia sehemu nzima. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo hubanwa.

Dalili zake?
Kichwa unachoamka nacho asubuhi na kinachozidi wiki hadi wiki, kutapika, macho kuona viwiliviwili, upande mmoja kulegea, tabia kubadilika. Na kifafa kinachomwanza mtu ukubwani. Hiki cha mwisho ndicho kinachonitia uchungu.

Mtu mzima akianguka na kutoa povu, si sheitani huyo?
Hapana. Ubongo umeshtuka, na lazima ijulikane kwa nini. Si kila anayeanguka ana uvimbe, lakini bila picha utajuaje? Mvuvi mmoja wa Pemba aliletwa miezi saba baada ya kuanguka mara ya kwanza. Keshapungwa, keshanyweshwa kombe, keshafukizwa. Akiingia mlangoni, ndara ya mguu wa kushoto ilimvuka, naye akaendelea kutembea bila habari.

Tumsomee kwanza, akikosa nafuu ndiyo tuje?
Hapana tena. Kusoma sikatazi, hata mimi nasomewa. Msomeeni ndani ya boti, msomeeni hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mkisubiri zamu ya picha. Kinachoua ni hilo neno "kwanza".

Eksirei ya kichwa haitoshi?
Haitoshi. Eksirei inaonesha mfupa. Ubongo unataka CT skani au MRI. CT hutumia mionzi, humalizika kwa dakika chache, na huonesha damu, maji yaliyojaa na uvimbe mkubwa. (Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT, London mwaka 1971, alikuwa akishukiwa uvimbe wa ubongo, mashine imeanzia kazi hii hii.) MRI hutumia sumaku, haina mionzi. Unalala nusu saa au zaidi ndani ya tundu linalogonga kama fundi wa mabati, lakini uvimbe mdogo, au uliojificha kisogoni, huonekana vizuri zaidi huko. Hirizi ya bati ivuliwe. Mwenye chuma mwilini au kifaa cha moyo aseme mapema, asione haya.

Ile dawa ya kuchomwa mshipani wakati wa picha, ya nini?
Uvimbe mkali una mishipa inayovuja, basi hunywa dawa ile ukang'ara pichani, mara nyingi kama pete yenye kiini cheusi. Jipu la ubongo na kifua kikuu cha ubongo navyo huweza kujichora pete, kwa hiyo picha peke yake haimhukumu mtu: kinyama hukatwa kikapimwa. Mwenye maradhi ya figo atwambie kabla ya sindano.

Mashine haiamshi ugonjwa?
Haiamshi. Wanaokufa baada ya picha wengi wao wamechelewa kuja kuipiga.

Wetu hajaanguka tena tangu apungwe. Bado aje?
Aje! Kifafa huja kikapumzika, hata bila ya mganga. Mwezi mzima bila kuanguka si kupona, na kama uvimbe upo, unakua kimya. Aje kesho, na afuatane na yule aliyemwona akianguka, maana mwenyewe hakumbuki mkono upi ulianza kutetemeka, na hilo ndilo swali la mwanzo atakaloulizwa.