Je, wajua kwa nini aliyepandikizwa figo huruhusiwa dafu lakini akakatazwa balungi?

Kwa miaka miwili kabla ya kupandikizwa figo, ami yangu wa Langoni, Lamu, alipimiwa maji ya kunywa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono ambacho wazee hunywea barazani, na vikombe vya siku nzima vilihesabiwa. Mtu anayeishi kwa kusafishwa damu na mashine, ambaye figo zake hazitoi tena mkojo wa kutosha, hubaki na kila anachokunywa mpaka siku ya mashine ifike, na maji yakizidi huvimbisha miguu, hupandisha shinikizo la damu na huweza kujaa mapafuni. Dafu lilikatazwa kwa sababu mbili: ni maji, na lina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa na ambayo yakilimbikizana katika damu huweza kusimamisha moyo. Kwa mtu aliyekulia chini ya minazi, katazo hilo lilikuwa zito kuliko sindano.

Aliporudi kutoka Nairobi na figo aliyopewa na dada yake, nilikwenda kumwamkia nikiwa na madafu mawili na jagi la maji ya balungi niliyoyakamua mwenyewe asubuhi ile. Shangazi, ambaye ndiye aliyetoa figo, aliyapokea madafu kwa furaha, kisha akanirudishia jagi. “Mwanangu, dafu ataonja,” akasema. “Hili balungi rudi nalo, tumekatazwa.” Alisema tumekatazwa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa akinywa dawa yoyote.

Niliondoka na jibu nililojitungia njiani, nalo lilikuwa la makosa. Nilijiambia kwamba sababu ni ukali, kwamba figo changa haivumilii vitu vichachu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikileta samaki nyumbani kwao, niliwashawishi wote wasitie ndimu katika samaki wa ami, wala ukwaju katika mchuzi wake. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikula samaki wa kupaka aliyepooza, bila kulalamika, kwa sababu ya hoja niliyoitoa kichwani mwangu. Baadaye nilikuta kwamba wengi hapa kwetu hufikiri hivyo hivyo, na wengine huongeza kwamba balungi, kama ndimu, “hukata dawa”, yaani huidhoofisha isifanye kazi. Fikra hizi mbili zinahitaji kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu ya kwanza humnyima mgonjwa chakula bila faida, na ya pili inaweza kumdhuru kabisa.

Tuanze na ukali. Tumbo la binadamu hutengeneza tindikali yake lenyewe, na tindikali hiyo huwa kali kuliko maji ya ndimu. Kitu kichachu kikifika humo kinaingia mahali ambapo tayari pana uchachu mwingi zaidi, na mbele kidogo, kwenye utumbo, tindikali yote huzimuliwa. Kama ukali ndio ungekuwa tatizo, ukwaju ungekatazwa kabla ya balungi, na chungwa la kawaida, ambalo nalo lina uchachu wake, lingeingia katika orodha ileile. Havimo. Mgonjwa anayetumia dawa za kupandikizwa hula chungwa na chenza kama watu wengine, mradi viwango vyake vya potasiamu ni vizuri.

Kuhusu kukata dawa, ukweli ni kinyume chake kabisa. Balungi halipunguzi dawa mwilini. Huiongeza, na wakati mwingine huiongeza mara kadhaa, bila mgonjwa kumeza hata kidonge kimoja cha ziada. Anayeamini kwamba tunda hili hukata dawa anaweza kudhani kwamba akila balungi kidogo atafidia kwa kuongeza kidonge, na hapo atakuwa amemwaga mafuta juu ya moto.

Dawa zenyewe ni za nini? Kinga ya mwili huitambua figo ya mtu mwingine kuwa ni mgeni na huishambulia, hata ikiwa imetoka kwa ndugu wa tumbo moja. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu, uliofanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954 chini ya daktari Joseph Murray, ulifaulu bila dawa hizo kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Wengine wote huhitaji dawa za kuituliza kinga kwa muda wote ambao figo inafanya kazi. Inayotumika sana leo ni takrolimusi, iliyopatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Ami huimeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ikipungua katika damu, kinga huamka na kuishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huwa sumu kwa figo ileile inayoilinda, mikono hutetemeka na sukari hupanda. Nafasi kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara na kipimo hurekebishwa kwa nusu miligramu.

Sasa tufike penye kiini, mahali ambapo balungi hufanya kazi yake, nako ni kwenye ukuta wa utumbo. Fikiria bandari ya zamani. Jahazi limetia nanga likiwa na magunia manne ya mchele, na kabla gunia halijaingia mjini lazima lipite mbele ya makarani wa forodha waliokaa safu nzima kando ya ukuta. Desturi yao ni kuzuia magunia matatu na kuliacha moja lipite. Tajiri anayeijua desturi hiyo, akitaka gunia moja limfikie dukani, hupakia manne, wala halalamiki, kwa kuwa hesabu yake imekwisha kuzingatia yatakayozuiwa.

Makarani hao wapo kweli. Ndani ya seli zinazotanda ukuta wa utumbo mna kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita CYP3A4, na kazi yake ni kuvunjavunja kemikali ngeni kabla hazijaingia katika damu. Takrolimusi ni mojawapo ya zinazozuiwa sana: kwa wastani ni kama robo tu ya kinachomezwa hufika katika damu, ingawa tofauti baina ya mtu na mtu ni kubwa mno. Daktari anayeandika kipimo cha dawa ni kama yule tajiri, kwani ameshazihesabu zile robo tatu zitakazopotea. Balungi nalo lina kemikali zinazoitwa furanokumarini, ambazo huwafunga makarani mikono. Siku hiyo magunia yote manne, au matatu, huingia mjini. Kipimo cha daktari hakikukosewa na mgonjwa hakukosea saa, lakini kilichoko ndani ya damu ni kikubwa kuliko kile alichoandikiwa.

Kuna swali ambalo kila mtu huuliza hapa, nami niliuliza: je, akinywa dawa saa mbili asubuhi na balungi saa nane mchana, si vitu hivyo viwili havitakutana? Jibu lake ndilo lililonivutia kuliko yote. Furanokumarini hazikai mbele ya kimeng'enya kwa muda kisha zikaondoka kama mtu aliyeketi kitini mwa mwenzake. Kimeng'enya hujaribu kuzivunja kama kinavyovunja kemikali nyingine, na katika kuzivunja hugeuka zikakinasa na kukiharibu moja kwa moja. Ni kama ufunguo mbovu uliovunjikia ndani ya kufuli la mlango: hata mwenye ufunguo huo akienda zake Mombasa, kufuli halitafunguka, na dawa yake ni kutia jipya. Mwili hutengeneza vimeng'enya vipya polepole, na ndiyo sababu bilauri moja ya maji ya balungi huweza kuacha athari kwa siku nzima, na masalio yake yakaonekana hata siku mbili tatu baadaye. Ami anayemeza dawa kila saa 12 hana dirisha la kupitisha balungi, kwa kuwa dirisha lingehitaji kuwa refu kuliko mwanya uliopo kati ya kidonge na kidonge. Na kwa kawaida athari hii ni ya utumboni zaidi kuliko ya kwenye ini, ambako kuna makarani wengine wa aina hiyohiyo. Dawa ikitiwa kwa mshipa badala ya mdomo, balungi halina la kuibadilisha kwa kiasi cha maana.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Watafiti wa mji wa London katika jimbo la Ontario, Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walikuwa wakichunguza kama pombe hubadilisha utendaji wa felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Ili washiriki wasitambue nani amepewa pombe na nani hakupewa, walihitaji kinywaji cha kuificha ladha yake, wakachagua maji ya balungi. Kiwango cha dawa katika damu kikapanda kupita kawaida kwa wote, walionyweshwa pombe na wasionyweshwa. Taarifa ilitoka mwaka 1989. Mwaka 1991 walichapisha jaribio lililolinganisha balungi, chungwa na maji matupu: kwa balungi, felodipini katika damu ilikuwa kwa wastani karibu mara tatu ya ilivyokuwa kwa maji, na kwa chungwa hapakuwa na badiliko. Laiti ningeijua taarifa hiyo ya chungwa, ami angepata ndimu yake mapema.

Hata hivyo jamaa za balungi hawafanani wote, na hapa lazima twende kwa tahadhari. Balungi ni mzao wa furungu na chungwa, na furungu lenyewe, lile kubwa lenye ganda nene, lina kemikali hizohizo. Kwa hiyo anayekatazwa balungi ajihesabu amekatazwa na furungu. Danzi, ambalo huku pwani hutiwa achari na kukamuliwa kwenye chakula, ni jambo la ajabu: katika jaribio moja lilipunguza vimeng'enya vya utumbo kama balungi linavyofanya, lakini halikubadilisha kiwango cha siklosporini, dawa nyingine ya kupandikizwa. Hilo linaashiria kwamba vimeng'enya si habari yote, lakini siklosporini si takrolimusi, na jaribio moja si ruhusa, hivyo nyumbani kwetu danzi tumeliacha. Ndimu nayo ina furanokumarini kiasi, na kukamua kipande juu ya samaki si sawa na kunywa jagi zima. Ami aliruhusiwa kipande. Manjano ya pilau hayakatazwi, ingawa imewahi kuripotiwa habari ya mgonjwa aliyekula manjano vijiko vingi kila siku na takrolimusi yake ikapanda vibaya. Komamanga lilitiliwa shaka katika maabara, kisha kwa watu waliojitolea athari haikuonekana wazi. Katika yote haya mwenye kauli ya mwisho ni daktari wa mgonjwa mwenyewe, mwenye vipimo vyake mkononi.

Na dafu? Dafu halina furanokumarini. Katazo lake lilitokana na figo mbovu, na figo mpya ikifanya kazi sababu hiyo huondoka kwa sehemu kubwa. Bilauri moja ya maji ya dafu huwa na potasiamu inayokaribia miligramu 600, na figo nzima huitoa bila taabu. Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu takrolimusi yenyewe huweza kuizuia figo kutoa potasiamu vizuri, na baadhi ya waliopandikizwa huambiwa wapunguze tena madafu, ndizi na tende hata baada ya figo kuchangamka. Ami aliruhusiwa dafu moja, vipimo vikaangaliwa, kisha akaruhusiwa kuendelea. Siku ile ya kwanza alilishika kwa mikono miwili, akanywa nusu, akalishusha na kulitazama, kisha akamaliza bila kusema neno. Shangazi alikuwa amekaa mkabala naye na hakumwondolea macho mpaka tone la mwisho.

Siku hizi jioni wao wawili hutembea taratibu mpaka uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, kunywa sharubati. Taabu ni kwamba baadhi ya wauzaji huchanganya balungi katika maji ya machungwa, na rangi haionyeshi tofauti. Juzi nilikuwa nao. Muuzaji aliapa kwamba ni chungwa tupu, na shangazi alimshukuru kwa heshima, kisha kabla ya kulipa akainama kando ya meza na kuyapekua maganda ndani ya ndoo, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa ya machungwa, naye akampa ami bilauri.