Je, wajua? 4 294 967 297 inafanana na namba tasa, lakini 641 inaigawa

Namba tasa ni ile isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nikiwa sekondari hapa Goma, niliapa kwamba 4 294 967 297 ni mojawapo. Si shufwa, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, basi 3 haiingii. Nikajaribu 7, 11, 13, nikafika 97, nikachoka. Namba iliyokataa vigawanyo 25, nikadhani, imekataa vyote.

Kumbe kigawanyo cha kwanza kinaweza kujificha mpaka karibu na kipeuo cha pili cha namba yenyewe, hapa 65 536, na kufikia hapo kuna namba tasa 6 542. Mimi nilikuwa nimebisha hodi kwenye milango michache ya Birere, nikatangaza kwamba mtaa mzima hauna mtu. Tena 641 ni ya 116 tu kwenye orodha. Ningevumilia jioni mbili ningeikuta.

Nina mwenzangu mkubwa, hata hivyo. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliona kwamba 2+1, 2²+1, 2⁴+1, 2⁸+1 na 2¹⁶+1 zote ni tasa, akaamini kwamba 2³²+1, ambayo ndiyo namba yetu, itafuata dada zake. Leonhard Euler alimsahihisha mwaka 1732.

Kwa nini 641 hasa? Chukua chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili tunachobebea makaa na viazi. Gawa ukingo wa gurudumu kwa alama 641. Ukilisukuma, mizunguko mizima haituhusu. Tunauliza tu alama ipi imegusa ardhi. Hatua 640 zinapungukiwa na moja kukamilisha mzunguko, kwa hiyo 640 ni sawa na kurudi nyuma moja: −1.

Sasa, 640 ni 5 × 2⁷. Zidisha 640 nne pamoja: −1 nne zinazaa 1, basi 5⁴ × 2²⁸ inatua kwenye alama ya 1. Lakini 5⁴ ni 625, pungufu ya 641 kwa 16, yaani −2⁴. Badilisha: −2⁴ × 2²⁸ ni −2³², nayo inatua palepale kwenye 1. Basi 2³² iko kwenye −1. Ongeza 1, gurudumu liko sifuri, yaani 641 inaigawa namba yetu bila baki. Sijui kama kuna hila nyingine fupi hivi inayoangusha namba ya tarakimu kumi.

Baada ya zile tano za Fermat haijapatikana nyingine iliyo tasa, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Mwenzake 641 ni 6 700 417, zidisha uone. Hiyo nayo ni tasa, na safari hii sikuishia kwenye 97.