Acheni kupiga saruji kwenye kuta za chokaa

Juzi tena: "Fundi, chokaa ya nini? Tupige saruji nyumba idumu." Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Zanzibar, na imesimama tangu kabla ya babu yake muulizaji kuzaliwa!

Ukuta wa mawe ya matumbawe una unene wa nusu mita hivi: mawe, udongo mwekundu, chokaa. Unanyonya maji ya ardhini, kisha unayatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ndivyo unavyoishi. Ukiuziba kwa saruji, maji yanapanda na chumvi yake yakitafuta pa kutokea, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti. Hapo yanakaa. Mwezi uliopita nilibandua lipu ya saruji chini ya dari. Kwa macho ilikuwa safi, lakini ukiigonga inalia kama debe tupu. Nyuma yake ukuta umekuwa tope, na kichwa cha boriti kikamomonyoka mkononi mwangu kama mkate uliochovywa chai. Nikaenda upande wa pili wa chumba, kwenye chokaa ya zamani ambayo haijaguswa. Boriti ile ile, nikaipiga patasi, ikagoma.

Linaloniudhi hasa ni neno "kudumu". Mwaka 1891 Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi Dar es Salaam zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza wakaendeleza mgawanyo, na watu wakaishi na majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Nyumba ya miti na udongo ikahesabiwa kuwa ya muda, hata kama inakandikwa upya kila baada ya masika na wajukuu wamezaliwa humo. Matengenezo ya kila mwaka yakageuzwa kuwa ushahidi wa udhaifu. Na sisi tukaamini.

Hata hivyo chokaa si bure. Tanuu linakula magogo, na boriti ni mikoko ile ile inayokinga pwani. Mtu akiniambia nijenge Ng'ambo nzima, upande wa pili wa mji nje ya Mji Mkongwe, kwa mawe na boriti, nitakataa. Kwa nyumba mpya bado natafuta jibu. Nisilokuwa na shaka nalo ni kipimo: chumba cha nyumba hizi za zamani kilikuwa na upana wa mita 3 hivi kwa sababu boriti haifiki zaidi. Mti ndio uliopanga chumba.

Ukuta ule tumeubandua wote. Nimemwomba mwenye nyumba auache ukauke kwanza, hata ukichukua msimu mzima. Bado ananung'unika.