Gavana na ardhi ya umma Kenya: yanayoaminika na yaliyo kweli

Penye mzozo wa kiwanja hakukosi mtu wa kusema, "Hiyo ni ardhi ya gavana." Kauli hii inaniuma, maana anayeiamini huishia kumwomba kiongozi kitu ambacho tayari ni chake.

Watu hudhani gavana aweza kumgawia amtakaye. Kwa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Gavana ana sauti katika mipango ya miji na upimaji. Mwenye mali si yeye.

La hatimiliki ndilo limewaumiza wengi: "Ukishapata hati, umemaliza." Tazameni Nyali, Mombasa. Mwaka 1989 kiwanja cha wazi cha umma alipewa Daniel arap Moi, wakati huo rais. Kikauzwa, kikauzwa tena, hadi kikafikia kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti, Hassan Joho akiwa gavana, ikabomoa ukuta wake ili watu wapate njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ikashtaki. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikakata shauri: ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, kwa hiyo hati iliyotokana nao haina ulinzi wa Katiba, hata mnunuzi akidai alinunua kwa nia njema. Nawasihi wanaonunua viwanja pwani: kupekua rejista pekee hakutoshi. Ulizeni kiwanja kilitokaje mikononi mwa umma.

Wazee wanaokumbuka mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa hudhani kaunti ni mwenye ardhi ya jamii pia, yaani ile inayomilikiwa na jamii kwa pamoja. Ile ambayo haijasajiliwa huishikilia kweli, ila Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kuiuza. Serikali ikiitwaa na fidia ikilipwa, fedha hizo huwekwa kwa ajili ya jamii husika, na jamii ikishasajili ardhi yake, udhamini wa kaunti unakoma.

Na wapo wanaoamini kwamba gavana akiondoka, mzozo huondoka naye. Joho alimaliza mihula yake miwili mwaka 2022. Hukumu ya Nyali ilitoka mwaka uliofuata, na jina lililoandikwa upande ulioshinda ni la Serikali ya Kaunti ya Mombasa.